Kunyoa kondoo wa sufu katika joto la Malindi: naomba mwongozo kabla ya siku yenyewe

MkaaziWaGanda (Malindi)

Assalaam aleikum, ndugu zangu wafugaji.

Ninafuga kondoo 6 nyuma ya nyumba yangu huku Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi: majike 5 na dume 1. Hawa si wale kondoo tuliowazoea pwani, wenye kichwa cheusi na nywele fupi, ambao huzaliwa na kuchinjwa bila kuguswa na mkasi. Ni kondoo wa sufu, chotara wa Corriedale, walioletwa na jirani yangu kutoka Nyandarua, kule kwenye baridi ya nyanda za juu, alipokuwa akifanya kazi hapa. Alipohamishwa aliniachia kwa bei nafuu, nami niliwachukua kwa sababu watoto wangu walikuwa wamekwisha kuwapenda, wala sikufikiri hata kidogo juu ya manyoya yao. Sasa ni mwaka mmoja na nusu tangu wanyolewe mara ya mwisho, na ukiyapekua manyoya ya mgongoni kidole changu cha kati huzama chote.

Kaskazi imeanza kuvuma. Kufikia saa 4 asubuhi hujikusanya wote chini ya mwembe, midomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka kwa kasi inayonitia uchungu kuitazama. Mwezi uliopita, baada ya mvua za vuli, jike mmoja alianza kujing'ata kiunoni na kutikisa mkia bila kupumzika. Nilipoyafunua manyoya nikakuta funza wamejaa juu ya ngozi. Nilimsafisha akapona, lakini tangu siku hiyo nimekuwa na hakika kwamba kuwaacha hivi walivyo ni kuwatesa.

Nimemuuliza kila mtu ninayemjua hapa mjini. Kinyozi wangu alikubali kujaribu kwa mashine yake ya kichwa, ikakwama kabla ya kumaliza kiganja kimoja cha manyoya, kwani mafuta yaliyomo ndani yake yaliziba meno yote. Basi ninaomba kuelezwa na mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake: nitumie chombo gani, nimshike vipi mnyama ili nisimuumize, nichague siku ya namna gani, na je, ni kweli kwamba wanapaswa kulala njaa kabla ya kunyolewa? Jike mmoja nadhani ana mimba, ingawa sijui ni ya miezi mingapi. Mwisho, hayo manyoya nitayafanyia nini? Inaniuma kuyatupa.

---

MkulimaWaMpeketoni (Lamu)

Wa aleikum salaam, ndugu yangu wa Ganda. Mimi nilizaliwa Kinangop, katika nyumba ambayo kondoo walinyolewa kila mwaka, kabla ya wazazi wangu kuhamia Mpeketoni nikiwa kijana. Nimewanyoa wengi kwa mkono na nimewakata wachache kwa uzembe wa ujana, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu mambo yale ambayo mtu akiyakosea mnyama hulipa.

Achana na mashine. Iko mashine ya umeme iliyotengenezwa kwa kondoo, yenye meno mapana na nguvu ya kutosha, lakini kwa kondoo 6 gharama yake haina maana, na mikononi mwa mtu anayejifunza hukata ngozi upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Tafuta mkasi wa mkono wa kunyolea kondoo, ule wa kipande kimoja cha chuma usio na skrubu katikati, ambao mapanga yake mawili yameunganishwa kwa nyuma na upinde unaojifungua wenyewe ukiuachia. Kama duka la dawa za mifugo la hapo Malindi hawana, waombe wakuagizie kutoka Nakuru. Ukiupata, unoe kwa kinoo upande wa nje tu, ule wenye mshazari. Upande wa ndani ambako mapanga hukutana usiguswe kamwe, kwani ukiuharibu mkasi hautakata tena bali utatafuna. Ukimpelekea mnoa visu wa mtaani, simama hapo hapo umtazame, asiukandamize kwenye jiwe la kuzunguka mpaka chuma kigeuke rangi ya buluu, maana chuma kilichoungua hivyo huwa laini.

Siku yenyewe iwe kavu, na manyoya yawe makavu mpaka ndani. Hapo pwani umande wa usiku ni mzito, kwa hiyo walaze chini ya paa usiku wa kuamkia siku hiyo. Manyoya mabichi hushikana na mkasi, na ukiyaweka kwenye gunia yataota ukungu na kunuka kabla ya wiki kwisha.

Kuhusu kulala njaa, ndiyo, ni kweli, na sababu yake si mila. Kondoo mwenye tumbo lililojaa ukimkalisha kitako, uzito wote wa tumbo humkandamiza kifua, naye hupumua kwa shida na kupigana nawe tangu mwanzo hadi mwisho. Isitoshe atajisaidia juu ya manyoya uliyokwisha kuyakata. Waondolee majani na pumba jioni ya kuamkia siku hiyo.

Sasa kumshika. Simama upande wake wa kushoto, magoti yako yakimgusa ubavuni. Mkono wa kushoto ushike chini ya taya, ukigeuze kichwa chake polepole kielekee bega lake la kulia. Mkono wa kulia ushike nyonga yake ya mbali. Kichwa kikiwa kimegeuka, vuta nyonga kuelekea kwako huku ukirudi hatua moja nyuma, naye atakaa chini kwa uzito wake mwenyewe bila kuinuliwa. Mwegemeze mgongo wake kati ya magoti yako. Utastaajabu: kondoo aliyekalishwa vizuri, miguu yake yote minne haina pa kukanyaga, hutulia kama mtoto aliyepakatwa. Akianza kurusha miguu, ujue amekaa vibaya au amepata pa kukanyaga. Msogeze, usimkandamize kwa nguvu. Na kamwe usimshike kwa kuyavuta manyoya, kwa kuwa ngozi ya chini hupata michubuko.

Huanza kidarini, ukateremka tumboni. Manyoya ya tumbo ni mafupi na machafu, yaweke kando peke yake. Hapo tumboni ndipo penye hatari, kwa kuwa ngozi ni nyembamba: kwa majike funika chuchu kwa kiganja cha mkono wa kushoto kila unapopitisha mkasi karibu na kiwele, na kwa dume tangulia kuitafuta kwa vidole njia ya mkojo na pumbu kabla chuma hakijafika. Kisha safisha mapaja kwa ndani na kuzunguka mkia, halafu mguu wa nyuma wa kushoto. Ukimaliza hapo rudi shingoni, fungua manyoya kutoka kidarini kupanda hadi chini ya kidevu, ingia bega la kushoto, kisha mlaze chini kwa upande wake wa kulia, upitishe mkasi kwa mikato mirefu sambamba na uti wa mgongo mpaka uvuke mgongo kidogo. Mgeuze, umalizie upande wa kulia kutoka shingoni kushuka mguuni. Ukifuata njia hiyo manyoya yote ya mwili yatatoka kama shuka moja iliyoshikana.

Siri yote imo katika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hukata, lakini mkono wa kushoto ndio unaonyoosha ngozi, na ngozi iliyonyooka haiingii kati ya mapanga. Majeraha yote niliyowahi kumtia mnyama yalitokea mahali ambapo ngozi ilikuwa imejikunja: kwapani, kwenye paja, chini ya koo. Laza mkasi bapa juu ya ngozi, usiuelekeze chini, na usirudie kukata mahali ulipokwisha pita kwa ajili ya kupapendezesha, kwani vipande vifupi vinavyotokana na kurudia huharibu sufu. Mguu wa nyuma una kano kubwa juu ya kisigino. Ukilikata hilo, mnyama amekwisha. Pita hapo polepole kuliko mahali pengine popote.

Mtaalamu hummaliza kondoo mmoja kwa dakika chache. Wewe jipe dakika 45 kwa kila mmoja, na usione haya kugawa kazi kwa siku mbili.

---

DaktariMstaafuWaKilifi

Mwanangu wa Ganda, nimesoma swali lako na maelezo mazuri ya mwenzetu wa Mpeketoni. Nilitibu mifugo katika ukanda huu kwa miaka mingi, nami ningependa kuongeza mambo ambayo joto la Malindi linayabadilisha, kwa maana yeye amejifunza kazi hii mahali ambapo asubuhi mtu huvaa koti.

Waondolee chakula jioni, lakini maji usiwanyime usiku kucha. Kule baridini kondoo hunyimwa maji kwa saa nyingi bila madhara. Hapa Malindi, katika msimu ambao mchana hufikia nyuzi 30 na zaidi na hewa imejaa unyevu, mnyama mwenye sufu ndefu hupoza mwili kwa kuhema, na kuhema hummalizia maji. Yaondoe maji saa 10 alfajiri, anza kazi saa 12 na nusu kukiwa kumepambazuka, na ikifika saa 3 weka mkasi chini hata kama wamebaki wawili. Joto la kawaida la mwili wa kondoo ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Ukimwona anahema kwa mdomo wazi huku umemkalisha, mwachie asimame kivulini, mpe maji, umrudie kesho.

Huyo jike mwenye mimba usimnyime chakula wala usimkalishe. Mimba ya kondoo huchukua karibu miezi 5, na katika wiki 6 za mwisho watoto hukua kwa kasi kubwa mno. Jike akikosa chakula wakati huo, hata kwa siku moja, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake kupita kiasi, sumu ikajikusanya katika damu, akalegea, akaacha kula, na mara nyingi hufa pamoja na watoto tumboni. Kwa kuwa hujui miezi yake, mchukulie kuwa yuko katika wiki hizo. Akiwa amesimama na mtu amemshika kichwa, mkate tu manyoya ya kuzunguka mkia, mapaja na kiwele, ili nzi wasipate pa kutaga na mwanakondoo apate chuchu bila kunyonya uchafu. Mengine yasubiri mpaka azae na apate nguvu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosea kwa huruma. Mtu humwona mnyama anateseka kwa joto, akadhani kumnyoa mpaka ngozi ing'ae ndiyo rehema kubwa zaidi. Sufu huzuia upepo usifike mwilini, lakini vilevile huzuia jua. Ngozi ambayo imefunikwa kwa mwaka mmoja na nusu ni laini na nyeupe, na jua letu litaiunguza kwa siku moja. Acha kama sentimita moja ya manyoya mwili mzima. Kwa mkasi wa mkono hilo hutokea lenyewe kama huna tamaa ya kukata chini zaidi. Kisha wape kivuli kizima kwa muda wa wiki mbili. Kwa msimu wa mwaka, hesabu yako iwe hivi: nyoa mwanzoni mwa kaskazi, kama unavyotaka kufanya sasa, ili wakikutwa na joto kali la Februari na Machi wawe wepesi, na masika yakifika Aprili manyoya yawe bado mafupi kiasi cha kukauka upesi baada ya mvua. Nzi hutafuta manyoya marefu yaliyolowa mvua, mkojo na kinyesi. Ndivyo alivyompata jike wako.

Majeraha yatakuwepo, usijilaumu. Mkwaruzo mdogo uoshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha upake ayodini au unyunyizie ile dawa ya zambarau inayouzwa madukani, ambayo hukausha kidonda. Jeraha lililofunguka hata ukaona nyama linahitaji kushonwa siku hiyo hiyo. Muite daktari wa mifugo wa eneo lako, wala usilifunge kwa kitambaa ukangoja. Na kwa kuwa pepopunda huingia kupitia majeraha kama hayo, muulize daktari huyo kuhusu chanjo kabla ya siku, si baada yake.

Ukiwa umemshika mnyama, tumia nafasi hiyo kufanya yale ambayo hufanyi siku nyingine. Kata kwato zilizorefuka. Vuta chini ukope wa ndani ya jicho uangalie rangi: mwekundu ni afya, mweupe kama karatasi ni dalili ya minyoo inayonyonya damu tumboni, ambayo pwani hii yenye unyevu huua kondoo wengi. Kisha pitisha vidole juu ya uti wa mgongo baada ya kunyoa. Sufu ndefu huficha mengi. Nimewahi kuitwa kwa mfugaji aliyeamini kwamba kondoo wake wamenona, na baada ya manyoya kuondoka tukaihesabu mifupa ya migongo yao kwa macho.

---

MwamuWaLangoni (Lamu)

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mama wa nyumbani, na kwa miaka minne nilikuwa na kondoo wawili wa sufu katika kitalu chetu nyuma ya mji, nilioachiwa na mgeni aliyekuwa akiishi hapa. Sina ujuzi wa mwenzetu wa Mpeketoni wala elimu ya daktari, ila kuna mambo mawili niliyoyajua kwa kuyafanya.

La kwanza ni sakafu. Mara ya kwanza tuliwanyolea juu ya turubai la plastiki, tukidhani usafi ndio muhimu. Turubai liliteleza kwa mafuta ya manyoya, mwanangu aliyekuwa amemshika akakosa pa kukanyaga, kondoo akajirusha, na mkasi ulikuwa mkononi mwangu karibu na kiwele. Nilimkata chuchu moja. Ilipona, lakini haikutoa maziwa tena, na kila alipozaa pacha ilinibidi nimnyweshe mmoja kwa chupa, nikikumbuka kila siku ni kwa nini. Mwaka uliofuata mume wangu alileta kipande cha tanga kuukuu kutoka Matondoni, kutoka kwa fundi wa majahazi, nacho kilikuwa kizuri ajabu: kizito, hakitelezi, hakikunjiki chini ya miguu, na kikichafuka hufuliwa. Kama huna tanga, jamvi nene juu ya ardhi iliyosawazishwa litatosha. Plastiki usiitumie.

La pili ni hayo manyoya ambayo inakuuma kuyatupa. Huku kwetu ukisema sufi mtu hukumbuka mti wa msufi na mito ya kulalia, na ile ya kondoo tunaiita sufu. Wapo wanaoyachanganya maneno hayo, lakini vitu vyenyewe pia vinaweza kufanya kazi moja. Mimi niliyaosha, nikayachambua, nikajaza mito miwili na godoro la mtoto.

Kuosha kwake kuna adabu yake. Chagua kwanza: yenye kinyesi na ya tumbo tenga. Yaliyo mazuri yatumbukize katika maji ya moto ambayo mkono huwezi kuuacha ndani, yenye sabuni, uyaache yalale bila kuyakoroga wala kuyafikicha. Ukiyafikicha katika maji ya moto yatashikana yawe kama kipande cha zulia, na hakuna namna ya kuyafungua. Baada ya nusu saa yatoe polepole kabla maji hayajapoa, kwa sababu maji yakipoa mafuta hurudi kuganda juu ya nyuzi, kisha suuza katika maji mengine ya joto lile lile. Nilitumia maji ya mvua kutoka tangini, kwa kuwa maji ya kisima chetu ni ya chumvi na sabuni haitoi povu bali huacha utando mweupe. Nikayaanika kivulini juu ya kitanda cha kamba, upepo ukiyapita juu na chini, na jioni ya siku ya pili yakawa makavu. Kabla ya kushona mto, hakikisha yamekauka kabisa, na katika sanduku weka majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya nondo.

Mengine tuliyashindilia katika mto unaowekwa chini ya shogi (tandiko la mizigo) ya punda wetu, kwa sababu mgongo wake ulikuwa ukichubuka, na sufu hunywa jasho bila kuwa ngumu. Yale machafu yasiyofaa kuoshwa niliyatandaza chini ya midimu, nikayafunika kwa mchanga kidogo. Hushika maji kwa muda mrefu na huoza polepole yakiilisha ardhi. Hakuna kilichotupwa.

---

MkaaziWaGanda (Malindi)

Nimeyasoma yote mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na daftari. Daktari, nimekwisha kuzungumza na mwenzako wa hapa kuhusu chanjo, naye atakuja Jumanne. Bi wa Langoni, pole sana kwa ile chuchu, na ahsante kwa kutueleza jambo ambalo watu wengine wangelificha.

Niruhusuni niulize moja zaidi. Mke wangu anasema kwamba tatizo si mkasi bali ni kondoo wenyewe, kwamba mnyama wa Nyandarua hana kazi Malindi. Je, nikiwapandishia dume wa nywele, watoto watazaliwa bila sufu?

---

MkulimaWaMpeketoni (Lamu)

Mkeo amesema kweli, ndugu yangu, ila njia si fupi. Ukiwapandishia dume wa Dorper, kizazi cha kwanza kitazaliwa na mchanganyiko: sufu mgongoni, nywele tumboni na miguuni, na wengi wao bado watahitaji mkasi, japo si mwingi. Dorper mwenyewe alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn, ambaye ni kondoo wa sufu, na yule wa kichwa cheusi tunayemjua, kwa hiyo damu ya sufu bado imo ndani yake, ingawa yeye hujipukutisha sufu mwenyewe. Itakubidi uendelee kupandisha kwa madume wa nywele kwa vizazi kadhaa, ukibakisha kila mara majike wanaojipukutisha vizuri zaidi, mpaka mkasi ukae kabatini.

Lakini kwa ukanda wetu mimi ningemtafuta Kondoo Mwekundu wa Kimaasai, ambaye naye ni wa nywele. Mwili wake ni mdogo na mnunuzi wa nyama hatamshangilia, lakini daktari amekwisha kutaja minyoo, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwafuga Dorper na Wekundu wa Kimaasai pamoja huko Diani, katika pwani yenye unyevu kama yetu, na wale wa Kimaasai walionekana kustahimili minyoo vizuri zaidi, na wanakondoo wao kufa kwa uchache. Mtu mwenye kondoo 6 uani akipoteza wawili kwa minyoo amepoteza theluthi ya mali yake. Uzito wa nyama hautamfidia.

Hata hivyo hao ulio nao watabaki na sufu mpaka mwisho wa maisha yao. Dume yeyote utakayemleta hatawapunguzia wao joto la Februari hii, kwa hiyo noa mkasi.

---

MkaaziWaGanda (Malindi)

Tumekwisha kunyoa, na ninaandika mikono yangu ikiwa bado laini kwa mafuta ya sufu kana kwamba nimeipaka losheni wiki nzima.

Tulifanya kwa asubuhi mbili. Siku ya kwanza tulianza saa 12 na nusu juu ya jamvi, chini ya mwembe, mimi na mwanangu mkubwa. Wa kwanza alituchukua saa nzima na dakika kumi, na nusu ya muda huo niliupoteza kwa kuogopa. Mkato wangu ulikuwa mfupi, naukata ule ule mara mbili, na manyoya yalitoka vipande vipande badala ya ile shuka moja uliyonieleza. Kwa wa pili nilikumbuka mkono wa kushoto. Niliivuta ngozi ya ubavu mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma, nikalaza mkasi bapa, na kwa mara ya kwanza nikausikia ukipita bila kukwama. Yule alitoka kwa dakika 50. Saa 3 ilipofika tulikuwa tumemaliza wawili tu, nikataka kuendelea na wa tatu kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuipata kazi, lakini alipokalishwa akaanza kuhema, nikamwachia kama daktari alivyosema.

Siku ya pili tulinyoa majike wawili na dume. Nilikata ngozi mara tatu kwa siku zote mbili: mikwaruzo miwili midogo ubavuni, na mmoja kwapani mwa dume wenye urefu wa ukucha, ambao ulitoa damu kidogo ukakoma. Nimeosha kwa maji ya chumvi na kunyunyizia dawa ya zambarau. Jike mwenye mimba tulimkata nyuma tu akiwa amesimama, huku binti yangu akimshika kichwa na kumpa kiganja cha pumba.

Manyoya ya watano, pamoja na machafu, yalipimwa kwenye mizani ya jirani yakawa kilo 13. Tumetenga kama kilo 8 za kuosha, nasi tunangoja Jumamosi nitakapopata maji ya kutosha, kwani tangi la mvua limeshuka. Yaliyobaki yamekwisha kulala chini ya michungwa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba wawili kati yao ni wembamba sana. Mmoja ni yule aliyepatwa na funza, na ukope wake ni wa waridi hafifu kuliko wa wenzake. Nilikuwa nikiwatazama kila siku kwa mwaka na nusu nikiwaona mviringo, nami nikaridhika. Daktari wa hapa amempa wa ukope hafifu dawa ya minyoo kulingana na uzito wake, na nimeanza kuwapa wote wawili majani ya mlonge na pumba jioni, mbali na wenzao wasije wakanyang'anywa.

Leo saa 5 mchana nilitoka kwenda kuwatazama. Walikuwa wamesimama kivulini, upepo wa baharini unawapiga, na midomo yao imefungwa.

Sasa nina kupe ambao nimewaona wazi baada ya manyoya kuondoka, hasa masikioni na chini ya mkia. Niwaogeshe lini?

---

DaktariMstaafuWaKilifi

Hongera, mwanangu. Mikwaruzo mitatu kwa mkono wa mwanzo ni kazi nzuri.

Dawa ya kuogesha isiwaguse sasa, maana itaingia katika ngozi iliyo wazi. Subiri wiki mbili, mpaka vidonda vikauke kabisa, kisha wanyunyizie kwa pampu asubuhi mapema, ukipima dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na si kwa kukisia. Kwa sasa wang'oe kupe kwa mkono, mmoja mmoja, ukianzia masikioni. Kidonda cha kwapani mwa dume kiangalie kila jioni kwa siku saba, kwa kuwa hapo hupata jasho na nzi hupapenda; ukiona majimaji au harufu, muite mwenzangu siku hiyo hiyo. Mkasi ufute mafuta ya sufu kwa kitambaa kikavu, uupake mafuta ya cherehani, uufunge kwenye gunia kavu, kwani upepo wa chumvi wa huko kwenu utaula kabla jike yule hajazaa, naye bado anasubiri kunyolewa mwili mzima.